Kaka msimamizi wa mirathi ameuza nyumba ya baba, mnunuzi anatutaka tuhame: tuanzie wapi?

SWALI: Baba yetu, Mwislamu, alifariki Machi 2016. Aliacha nyumba moja Temeke yenye hati kwa jina lake, mke mmoja (mama yangu, anaishi humo mpaka leo) na watoto watano: kaka mkubwa na dada mmoja ambao mama yao aliachika zamani, na sisi watatu wa mama yangu, wa kike wawili na wa kiume mmoja. Kaka aliteuliwa msimamizi wa mirathi Mahakama ya Mwanzo mwaka 2019. Tumekuja kusikia ameuza nyumba kwa shilingi milioni 80. Hatukusaini chochote, hatukupewa hata senti, na anasema watoto wa kike tulioolewa hatuna sehemu. Sasa mnunuzi ameleta notisi ya siku 14 tuhame. Anaweza kututoa? Na tunaweza kufuta mauzo?

JIBU: Dada, pole. Maswali yako ni mawili na usiyachanganye, kwa sababu hayajibiwi mahali pamoja wala kwa karatasi zilezile. La kuhama ni la wiki hii. La kufuta mauzo ni la miezi, pengine miaka. Naanza na lile linalowaka.

Chukua hiyo notisi uitazame kichwa na mguu. Nani ameiandika? Ikiwa ni mnunuzi mwenyewe au wakili wake, hiyo ni barua ya madai tu. Haimpi mtu yeyote haki ya kung'oa mlango wala kutoa vyombo nje. Ikiwa imetoka kwa mtendaji au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, nayo ni hivyohivyo: ofisi ya mtaa inaweza kuwasuluhisha, haina mamlaka ya kumhamisha mtu. Yenye nguvu ni ile iliyoletwa na dalali wa mahakama au wa baraza, ikitaja namba ya shauri, majina ya wadaawa (pande za kesi) na amri ya kukazia hukumu, yaani kuitekeleza, yenye muhuri. Kwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya utaratibu ni huu: mshindi anaomba kukazia hukumu, mwenyekiti anatoa amri kwamba aliyeshindwa atekeleze ndani ya siku 14, na akikaidi ndipo dalali anaingia kazini. Siku hizo 14 ndizo watu huzinakili kwenye barua zao ili zionekane za kimahakama.

Kama haina namba ya shauri, tulieni ndani ya nyumba. Mnunuzi anayetaka kuwatoa inabidi afungue shauri, awashinde, kisha aombe kukazia hukumu. Akija na vijana wa kubomoa bila amri, piga picha, andika majina ya walioshuhudia, ripoti polisi uchukue namba ya taarifa. Picha na namba hiyo utazihitaji baadaye kwenye madai ya fidia.

Ikiwa namba ya shauri ipo, nenda kwenye masjala ya hilo baraza siku hiyohiyo uombe kuona jalada. Huenda mnunuzi alimshtaki kaka yako peke yake, kaka akakiri madai, na amri ikatoka bila ninyi kujua. Huu ni mchezo unaofahamika sana katika nyumba za mirathi. Hapo ninyi si wadaawa, kwa hiyo hamkati rufaa. Mnafungua maombi ya pingamizi dhidi ya utekelezaji, mkieleza kwa hati ya kiapo kwamba mnaikalia nyumba kwa haki yenu wenyewe na hamkusikilizwa. Huenda pia mlitajwa kama wajibu maombi ila wito haukuwafikia, hukumu ikatolewa ya upande mmoja. Hiyo mnaomba itenguliwe palepale barazani, ndani ya siku 30. Siku hizo zikiwa zimepita, yanatangulia maombi ya kuongezewa muda, na ndani yake kila siku ya ucheleweshaji inatolewa maelezo. "Hatukujua" haitoshi, eleza mlijua lini, kwa njia gani, na tangu siku hiyo mlifanya nini.

Sasa mauzo.

Watu wengi wenye shida kama yenu hukimbilia Baraza la Ardhi kumshtaki mnunuzi. Ni kosa la mpangilio. Kesi nyingi za nyumba za urithi hazifi kwa sababu mrithi hana haki. Zinafia kwenye pingamizi la awali: amefungua mahali pasipo mamlaka, au amefungua mtu ambaye kisheria hawezi kudai kwa niaba ya marehemu, au ameacha kumuunganisha mhusika muhimu. Ninyi anzeni na jalada la mirathi.

Nenda na mama yako Mahakama ya Mwanzo iliyomteua kaka. Kwa Dar es Salaam uliza pia Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia Temeke, kwa sababu mashauri ya mirathi ya mkoa yalihamishiwa huko na jalada linaweza kuwa limefuata. Omba kwa barua nakala za vitu hivi: maombi ya kuteuliwa (Fomu Na. I), muhtasari wa kikao cha ukoo uliowasilishwa, mwenendo na uamuzi, barua ya usimamizi (Fomu Na. IV), orodha ya mali na madeni (Fomu Na. V) na taarifa ya hesabu na mgawanyo (Fomu Na. VI). Nakala ziwe zimegongwa muhuri wa nakala halisi. Za kupiga kwa simu zinakusaidia kusoma tu, si ushahidi.

Ukizipata, soma ukitafuta mambo haya. Tarehe ya uteuzi. Majina ya warithi aliyoyataja: je, mama yako yumo, ninyi watatu mmo? Saini kwenye muhtasari wa ukoo: ni zenu kweli? Nyumba imeorodheshwa? Je, Fomu Na. V na VI zipo kabisa? Kanuni za usimamizi wa mirathi katika Mahakama za Mwanzo (Tangazo la Serikali Na. 49 la 1971) zinamtaka msimamizi apeleke orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, isipokuwa mahakama imemwongezea muda, na hesabu kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga. Wasimamizi wengi huchukua Fomu Na. IV wakapotea. Na mwisho kabisa, angalia kama jalada limefungwa. Nitalirudia hili la kufungwa, maana ndilo linalobadilisha njia yote.

Wakati huohuo, mtu mwingine wa familia aende ofisi ya Msajili wa Hati kufanya upekuzi kwa namba ya hati au ya kiwanja. Unachotaka kujua: hati bado ina jina la marehemu, imeandikwa jina la kaka kama msimamizi wa mirathi, au imeshafika kwa mnunuzi? Nyumba yenye hati haiwezi kuruka kutoka kwa marehemu kwenda kwa mnunuzi. Kwanza msimamizi anasajiliwa kwa nafasi yake hiyo, ndipo anahamisha. Ikiwa jina la baba bado lipo, mna nafasi nzuri sana, na siku hiyohiyo mwekeeni kaveti. Ni maombi kwa Msajili yanayoambatana na kiapo kinachoeleza maslahi yenu katika nyumba. Ikishaingia kwenye daftari, uhamisho hausajiliwi mpaka iondolewe, na anayetaka iondolewe itabidi awaite Mahakama Kuu mjieleze. Watu huisahau hatua hii kwa kuhangaika na mawakili, kumbe ndiyo ya bei nafuu kuliko zote.

Nije kwenye hoja yenu ya "hatukusaini". Nitakuudhi kidogo hapa. Hoja hiyo peke yake haifuti mauzo. Mahakama ya Rufani ilishaamua zamani kwamba msimamizi wa mirathi halazimiki kisheria kupata ridhaa ya kila mrithi ndiyo auze mali ya marehemu. Akishateuliwa, mali ya marehemu iko mikononi mwake kisheria: anakusanya, analipa madeni, anauza inapobidi, anagawa. Ndiyo maana kikao cha ukoo cha kumchagua msimamizi si cha kwenda kunywa chai. Kwa hiyo mkisimama mbele ya hakimu na kusema tu "aliuza bila kutuambia," mwenzenu atajibu "sheria hainilazimishi," na atakuwa sahihi.

Hoja zenye meno ni nyingine. Ya kwanza ni tarehe. Tafuta mkataba wa mauziano; ofisi ya serikali ya mtaa au mjumbe aliyeshuhudia mara nyingi anayo nakala. Linganisha tarehe yake na ya Fomu Na. IV. Kama mkataba umesainiwa kabla ya uteuzi, siku hiyo kaka yako alikuwa mtoto wa marehemu tu kama wewe, hana cha kuuza, na asiye na haki juu ya ardhi hawezi kumpa mwingine haki hiyo. Kuwa mtoto wa kwanza, kushika hati mkononi, kuwa "msemaji wa familia": hakuna hata kimoja kinachotosha.

Ya pili ni nafasi aliyouzia. Mkataba unasema "mimi fulani, msimamizi wa mirathi ya marehemu fulani", au unasema "mimi fulani, mmiliki wa nyumba"? Aliyejiita mmiliki wakati hati ina jina la marehemu amempa mnunuzi taa nyekundu, na mnunuzi aliyepita kwenye taa nyekundu atapata shida kujiita mnunuzi mwenye nia njema.

Ya tatu ni bei na fedha. Mtafute mthamini aliyesajiliwa awape thamani ya soko ya nyumba kwa tarehe ya mauzo, si ya leo. Kama nyumba ya milioni 80 ilistahili milioni 85, msipoteze muda. Ikistahili 180, hapo mna kitu. Fedha ziliingia akaunti ya mirathi au ya kaka binafsi? Mnunuzi ni nani kwake: shemeji, mdeni wake, mshirika wake wa biashara?

Ya nne ni mnunuzi mwenyewe. Anayelindwa ni yule aliyelipa thamani halisi, kwa nia njema, bila kujua kasoro na bila kuwepo jambo la kumshtua. Sasa mama mjane anaishi ndani ya nyumba. Je, mnunuzi alikuja kuikagua? Alimuuliza mama anakaa hapa kwa haki gani? Aliiona Fomu Na. IV? Alifanya upekuzi? Kila "hapana" inampunguzia kinga. Mashahidi wenu hapa ni mama, wapangaji na majirani, na wanachohitajika kusema ni kidogo na mahususi: nani alikuja, lini, aliuliza nini.

Tukiwa na hayo, maombi yenu ya kwanza ni katika jalada lilelile la mirathi, kwa namba yake ileile. Mnaomba mambo mawili. Kwanza, kaka aitwe na kuamriwa awasilishe Fomu Na. V na VI, aoneshe fedha za nyumba ziko wapi. Hili linasikika dogo lakini linambana: akisema nyumba haipo kwenye orodha, ameuza mali aliyoificha mahakama, akisema ipo na ameiuza, aoneshe mgawanyo. Pili, uteuzi wake utenguliwe na ateuliwe mwingine. Kanuni ya 9 ya kanuni hizohizo za 1971 inataja sababu: aliupata uteuzi kwa udanganyifu, ulitolewa mahakama ikiwa haijui mambo ya msingi, mwenendo wa kuuomba ulikuwa na dosari kubwa zilizoathiri uamuzi, uteuzi hauna kazi tena, au ametenda kinyume cha masharti yake au kwa makusudi au uzembe akaumiza wadai na warithi. Chagueni zile mnazoweza kuzithibitisha. Kumwaga sababu zote tano bila ushahidi kunafanya hata ile nzuri ionekane ya kubahatisha. Pendekezeni pia jina la msimamizi mbadala papo hapo, na awe mtu ambaye dada yenu wa mama mwingine naye anaweza kumkubali, vinginevyo mtabadilishana usimamizi kila mwaka. Asiyeridhika na uamuzi anakata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30.

Kwa nini msimtangulie mnunuzi? Kwa sababu anayeweza kudai au kudaiwa kwa niaba ya marehemu ni msimamizi wake. Mrithi hana nafasi hiyo kwa kuwa mrithi tu, na pingamizi la awali la aina hii huua mashauri mengi siku ya kwanza. Msimamizi mpya akipatikana, yeye ndiye anafungua shauri, na kwenye kichwa cha shauri ajitaje hivyo: "fulani, kama msimamizi wa mirathi ya marehemu fulani", barua ya usimamizi ikiambatanishwa. Akiandika jina lake tupu, Mahakama ya Rufani inaweza kulifuta shauri miaka sita baadaye, baada ya mama yako kutoa ushahidi na kuchoka.

Kuna hali moja ambapo njia hii haipo. Ikiwa kaka alishapeleka orodha na hesabu, mahakama ikazipokea na kufunga jalada, usimamizi wake umekwisha, na Mahakama ya Rufani imesema uteuzi wa msimamizi aliyemaliza kazi hautenguliwi, kwa kuwa hakuna kilichobaki cha kutengua. Hapo mnaangalia kwanza kama jalada lilifungwa mkiwa mmeitwa. Kama hamkuitwa, au saini zenu kwenye mgawanyo ni za kughushi, ufungaji wenyewe unashambuliwa kwa rufaa au maombi ya marejeo (kuomba mahakama ya juu ilipitie jalada) Mahakama ya Wilaya, pamoja na kuongezewa muda. Hatua hii msiifanye bila wakili.

Kutengua uteuzi hakufuti mauzo. Watu hutoka mahakamani wakishangilia kwamba "kaka ameondolewa" wakidhani nyumba imerudi. Mnunuzi hakuwa mdaawa kwenye mirathi, kwa hiyo hawezi kunyang'anywa kitu asichosikilizwa. Shauri dhidi yake ni la ardhi, na hapo kaka na mnunuzi wanashtakiwa pamoja. Mahakama imelisema hili tangu 1983: anayedai kurudishiwa ardhi iliyouzwa kwa mtu wa tatu awaunganishe muuzaji na mnunuzi. Ukimwacha mmoja, mwingine atasimama na kusema "mwenye majibu hayupo hapa."

Shauri hilo kwanza linapita Baraza la Kata kwa usuluhishi. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Baraza la Kata halina tena mamlaka ya kuamua. Linasuluhisha tu, na likishindwa linatoa cheti cha kuonesha limeshindwa. Siku 30 zikipita bila usuluhishi, unaweza kwenda mbele bila cheti, mradi uoneshe ulifika. Kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo mamlaka yake kwa madai ya kurudishiwa nyumba au ardhi yanaishia thamani ya shilingi milioni 300. Thamani inayotazamwa ni ya nyumba, kwa hiyo ile taarifa ya mthamini inatumika tena hapa. Ikizidi, nendeni Mahakama Kuu.

Kama hati imeshahamishiwa kwa mnunuzi, mambo ni mazito zaidi. Mwenye jina kwenye hati anachukuliwa kuwa mmiliki halali mpaka ithibitishwe aliipata isivyo halali, na kulirekebisha daftari la hati ni kazi ya Mahakama Kuu. Mkimuunganisha Msajili wa Hati au halmashauri, mnatakiwa kutoa notisi ya siku 90 kwanza na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri linasikilizwa Mahakama Kuu. Wengi huruka notisi hii wakidhani ni adabu tu. Shauri linafutwa. Ikiwa kuna hatari ya kutolewa ndani ya hizo siku 90, yapo maombi ya kulinda hali ilivyo hadi notisi iishe. Yanapelekwa Mahakama Kuu.

Shauri lolote mtakalofungua liambatane na maombi ya zuio la muda. Hoja tatu zinapimwa tangu kesi ya mwaka 1969 na hazijabadilika: kuna jambo la msingi la kuamuliwa na mna uwezekano wa kushinda, bila zuio mtapata hasara isiyofidika kwa fedha, na mkinyimwa zuio ninyi mtaumia kuliko atakavyoumia mwenzenu akizuiwa yeye. Kiapo kiseme mambo, kisilie: mama ana miaka mingapi, ameishi hapo tangu lini, hana makazi mengine, mnunuzi ametishia kubomoa tarehe fulani, picha hizi hapa. Ombeni lisikilizwe kwa hati ya dharura. Na mkishindwa hatua yoyote, kumbukeni rufaa peke yake haisimamishi utekelezaji. Yanaombwa kando maombi ya kusimamisha. Rufaa kutoka Baraza la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 45.

Kuhusu mama. Mtaani utaambiwa "mauzo ni batili kwa sababu mke hakutoa ridhaa ya mwenza." Ridhaa ya mwenza inahusu mwenza aliye hai anayeuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa. Baba alipofariki, aliyeuza hakuwa mume, alikuwa msimamizi. Hoja halisi ya mama ni nyingine na ni nzuri zaidi: kama alichangia kujenga nyumba hiyo, kwa fedha au kwa kazi, anaweza kudai kwamba sehemu yake haikuwa ya marehemu tangu mwanzo, kwa hiyo haikuwa ya kugawa wala ya kuuza kama mirathi. Anaithibitisha kwa risiti, michango ya vikoba, mashahidi wa ujenzi, tarehe ya ndoa dhidi ya tarehe ya kiwanja. Aiseme mapema, ndani ya jalada la mirathi. Hoja hii ikizaliwa kwenye rufaa inaonekana imebuniwa.

Na hili la "watoto wa kike hamna sehemu": kaka yako ama hajui au anajua na anawapima. Kwa sheria ya Kiislamu, baada ya mazishi, madeni na wasia halali (usiozidi theluthi) kutolewa, na kama babu na bibi wazaa baba hawapo, mke mwenye watoto anachukua thumuni moja (moja ya nane). Mama yao kaka, kwa kuwa aliachika zamani, hayumo. Zilizobaki thumuni saba zinagawiwa watoto, wa kiume sehemu mbili, wa kike moja. Kwenu hesabu inakaa vizuri: wa kiume wawili ni sehemu nne, wa kike watatu ni tatu, jumla saba. Kwa hiyo mama thumuni moja, kila binti thumuni moja, kila kijana thumuni mbili. Ndoa yako haigusi hesabu hiyo. Kwa milioni 80, mama 10, kila binti 10, kila kijana 20. Nyumba yenu, yaani mama na ninyi watatu, mna milioni 50 kati ya 80. Kaka na dada yake 30.

(Hata angejificha nyuma ya mila asingefika mbali. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza ilikataa kubatilisha mauzo ya ardhi ya ukoo yaliyofanywa na mwanamke wa Muleba, ikisema mila inayomzuia mwanamke kuuza ardhi aliyorithi kwa sababu tu ni mwanamke inapingana na haki zilizo kwenye Katiba.)

Hesabu hiyo ya milioni 50 iandike mahali, kwa sababu ndiyo mizani yenu ya mazungumzo. Mashauri haya hufikia miisho ya aina tatu. Mauzo yanabatilishwa, nyumba inarudi kwenye mirathi na mnunuzi anamdai kaka fedha zake. Au mauzo yanabaki kwa kuwa mnunuzi analindwa, na ninyi mnamdai kaka binafsi sehemu zenu, deni ambalo litakuwa gumu kulikusanya kama fedha ameshazila. Au mnapatana. Mnunuzi mwenye nyumba iliyokaliwa, yenye kaveti na kesi, mara nyingi yuko tayari kuongeza fedha au kurudishiwa zake na kuondoka. Huo ndio wakati wa kuzungumza, mkiwa na kaveti mkononi, si kabla yake. Kwa maoni yangu, kama tarehe za mkataba haziwasaidii na bei haikuwa ya kutupa, patano linalowapa mama na ninyi watatu milioni 50 zenu, au sehemu ya kiwanja ikigawanyika kihalali, ni bora kuliko miaka minane ya rufaa. Patano lolote liandikwe na lisajiliwe kuwa amri ya mahakama au baraza. Lililosainiwa kwa mjumbe tu litakuzalia kesi ya pili.

Polisi nako kupo. Saini zenu zikiwa zimeghushiwa kwenye muhtasari wa ukoo, hilo ni kosa la jinai, na uchunguzi wa maandishi unaweza kuwasaidia kwenye shauri la madai. Lakini kifungo cha kaka hakirudishi nyumba, na kesi ya jinai ikishafunguliwa si ninyi mnaoiendesha. Iwekeni akilini kama ushahidi, msiifanye ndiyo mpango.

Muda: madai ya kurudisha ardhi yana ukomo wa miaka 12, na kwa ardhi ya marehemu hesabu inaanzia siku ya kifo, hata kama msimamizi aliteuliwa baadaye. Baba alifariki Machi 2016, kwa hiyo jihesabieni Machi 2028 kuwa ukuta. Miezi ya kuhangaika na jalada la mirathi haisimamishi saa hiyo.

Kama kuna wapangaji, wasilipe kodi kwa kaka wala kwa mnunuzi wala kwenu kiholela; ombeni mahakama ya mirathi ielekeze ilipwe wapi, na hadi hapo kila malipo yawe na risiti. Msijenge, msibomoe, msiuze hata dirisha.

Na gharama zisiwarudishe nyuma. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawapa wasio na uwezo nafasi ya kusaidiwa bila malipo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania na Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake wote wanashughulika na mirathi na ardhi. Mpeleke mama mwenyewe, akiwa na cheti cha kifo, cheti cha ndoa, nakala ya hati, hiyo notisi, na zile nakala za jalada kama mmeshazipata. Akienda mikono mitupu ataambiwa azifuate kwanza, na siku 14 haziongezeki.